Achuchumae au apige goti? Mikao mitatu ya mdakaji anayeanza softiboli

Mtoto wa miaka 10 au 11 akishavishwa kofia, kinga ya kifua na kinga za miguu, kuna jambo la kuamua kabla hajadaka mpira hata mmoja: akae vipi nyuma ya mpigaji ili kuupokea mpira wa mrushaji? Kocha wa zamani atasema achuchumae, nyayo zote mbili chini. Kocha aliyefuatilia mchezo wa Marekani miaka ya karibuni atasema goti moja liwe ardhini. Mtoto naye ameshaangalia video, ameshaiga, na mguu ameunyoosha pembeni kama mchezaji wa kulipwa. Wote watatu wana hoja. Ulinganisho huu ni wa mwalimu wa michezo aliyekabidhiwa timu ya shule, kocha wa mtaani, au mzazi ambaye binti yake amejiandikisha kwenye ligi huko Minneapolis au Columbus na sasa anatakiwa amfanyishe mazoezi nyuma ya nyumba.

Mikao yenyewe ni kuchuchumaa, goti la kushoto chini, na goti la kulia chini. Maelezo yote ni ya mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia na kuvaa glavu mkono wa kushoto. Kwa mtoto wa mkono wa kushoto, geuza kila kitu.

Vigezo

Kila mkao tutaupima kwa mambo matano yaleyale. La kwanza ni mpira wa chini: je, mtoto anaweza kuupokea usawa wa magoti ya mpigaji bila kuusukuma chini zaidi? La pili ni mpira unaodunda mbele yake. La tatu ni mpira wa juu na wa pembeni, ambao timu za watoto huupata kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. La nne ni kuinuka na kurusha. La tano ni mwili wa mtoto pamoja na uwanja anaochezea, maana goti juu ya nyasi bandia na goti juu ya murram ni mambo mawili.

Vipimo vya uwanja navyo vina neno lao. Kundi la chini ya miaka 12 nchini Marekani hurusha kutoka futi 40, yaani mita 12.2, kwa mpira wenye mzingo wa inchi 12 na uzito wa gramu 178 hadi 198. Chini ya miaka 10 hurusha kutoka futi 35, mita 10.7, kwa mpira wa inchi 11. Kati ya beisi na beisi ni futi 60, mita 18.3, kwa hiyo kutoka nyumbani (kwenye sahani anaposimama mpigaji) hadi beisi ya pili ni karibu mita 25.9. Na mkimbiaji, yaani mchezaji wa timu inayopiga aliyeko kwenye beisi, haruhusiwi kuiacha kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Kanuni hiyo inampa mdakaji wa softiboli nafuu ambayo mwenzake wa besiboli ya wakubwa hana, ndiyo maana kwa anayeanza naweka kuuzuia mpira juu ya kasi ya kurusha. Mpira ukishapita nyuma, mkimbiaji anasonga beisi bila kushindana na mkono wa mtu yeyote.

Yasiyobadilika katika mkao wowote

Umbali kutoka kwa mpigaji. Watoto karibu wote hukaa mbali mno kwa kuogopa gongo. Mwambie anyooshe mkono wa glavu: ncha ya glavu ikaribie goti la nyuma la mpigaji bila kuligusa. Akikaa nyuma zaidi ya hapo, mpira uliokuwa straiki ya chini (mpira halali ambao mpigaji alipaswa kuupiga) unamfikia ukiwa umeshashuka vumbini, na makosa yanayolaumiwa mkao kwa kweli ni ya umbali. Akisogea mbele mno, gongo litaigonga glavu na mpigaji atapewa beisi ya kwanza.

Mkono wa kurushia. Kama hakuna mkimbiaji, mkono ujifiche nyuma ya kifundo cha mguu wa kulia. Kukiwa na mkimbiaji, uwe ngumi nyuma ya glavu, kidole gumba kikiwa ndani ya ngumi. Usiwe wazi kando ya glavu hata mara moja, kwa sababu mpira uliochubuliwa na gongo hubadili njia hatua moja tu kabla ya kufika, na hupiga ncha za vidole.

Kuuzuia mpira kwa mwili. Glavu ndiyo inayotangulia chini, izibe nafasi kati ya magoti. Kidevu kigande kifuani, mabega yaviringike mbele, tumbo liingie ndani ili kifua kiwe kama kibaraza kinachoutupa mpira chini, mbele ya sahani ya nyumbani. Mtoto asijaribu kuudaka. Akijaribu, glavu hugeuka kuelekea juu, huuchota mpira, na mpira hupita chini yake. Kosa lingine, tena la hatari, ni kugeuza uso pembeni: kinga ya uso hulinda mbele, na ukigeuka unaacha shingo na upande wa sikio wazi. Hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Anza bila mpira kabisa, kisha mipira ya tenisi iliyorushwa polepole kutoka mita 4, kumi halafu apumzike, kumi tena halafu basi kwa siku hiyo. Mpira mgumu uje pale anapoacha kufumba macho.

Kuchuchumaa

Nyayo zizidi upana wa mabega kidogo, vidole vya miguu vielekee nje kiasi, mguu wa kulia urudi nyuma nusu ya wayo. Uzito ukae kwenye sehemu ya mbele ya wayo kwa upande wa ndani. Kama hakuna mkimbiaji, nyonga zinaweza kushuka zaidi ili apumzike. Mkimbiaji akiwepo, nyonga zipande hadi usawa wa magoti.

*Mpira wa chini.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Magoti yote mawili yako juu, na kiwiko cha mkono wa glavu hukwama kati yake au juu ya paja. Mtoto hulazimika kuishusha glavu kutoka juu kwenda chini, akiufuata mpira, na mwamuzi anaona straiki ikimalizikia ardhini. Dawa ni kuanza na glavu chini, karibu iguse udongo, kisha ipande kuufuata mpira.

*Mpira unaodunda.* Safari ya kushuka ni ndefu. Anayeanza mara nyingi huruka juu kwanza ndipo aanguke, na katika nusu sekunde ambayo mpira unasafiri, kuruka huko kumeshakula muda wote. Afundishwe kuisukuma miguu nyuma, magoti yaanguke pale nyayo zilipokuwa.

*Juu na pembeni.* Hakuna mkao unaoufikia huu. Miguu yote miwili iko tayari, anaweza kuruka, kupiga hatua ya pembeni, kunyooka. Mrushaji wa miaka 10 anayejifunza kuzungusha mkono duara zima na kuachia mpira chini ya nyonga huchelewa kuuachia mara kwa mara, na mpira uliochelewa kuachiwa huenda juu ya kichwa.

*Kurusha.* Mzuri zaidi. Mguu wa kulia uko nyuma tayari, anageuza nyonga, wa kushoto unaelekea beisi, mpira unatoka.

*Mwili na uwanja.* Huu unadai vifundo vya miguu vinavyokunjika na mapaja yenye pumzi. Mtoto aliyezoea kuchuchumaa uani akifua au kuosha vyombo huja na mtaji huo. Aliyekulia kwenye viti na meza huinua visigino na kuanguka nyuma kwa matako. Mpime pekupeku: achuchumae nyayo zote zikiwa chini kwa sekunde 30. Akiweza bila kuyumba, mkao huu ni wake. Akishindwa, anaweza kuujenga kwa dakika mbili tatu kila siku, lakini mechi ya Jumamosi hii haitamngoja. Kuhusu uwanja, murram yenye kokoto haimsumbui sana kwa sababu goti hugusa ardhi pale tu anapozuia mpira.

*Unamfaa* mtoto mwepesi wa miguu, mwenye mrushaji asiye na shabaha bado, katika ligi inayoruhusu kuiba beisi, yaani mkimbiaji kukimbilia beisi inayofuata mpira usipopigwa.

Goti la kushoto chini

Mkao wa goti moja si mgeni. Tony Peña, mdakaji wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, alikaa na mguu mmoja amenyoosha miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 2010 timu za besiboli za Marekani ziliugeukia kwa wingi kwa ajili ya straiki za chini. Ila kabla hujamruhusu mtoto kuiga, kumbuka wadakaji hao walikuwa wamechuchumaa tangu utotoni na warushaji wao hupiga pale wanapolenga. Mtoto wako hana lolote kati ya hayo.

Goti la kushoto liwe chini ya nyonga ya kushoto au mbele yake kidogo, muundi ulazwe kuelekea ndani. Wayo wa kulia ukae wote chini, goti la kulia lifunguke nje. Anayeanza asiunyooshe mguu wa kulia. Uliokunjwa husukuma, ulionyooshwa hukwama.

*Mpira wa chini.* Ndio bora kati ya mikao yote mitatu. Goti lililokuwa likiuzuia mkono wa glavu limeondoka njiani, kiwiko kiko huru, glavu inalala karibu na udongo na kuupokea mpira kutoka chini kwenda juu. Mtoto mwenye mkono dhaifu, ambaye mpira wa gramu 180 humvuta glavu chini, huona tofauti siku ya kwanza.

*Mpira unaodunda.* Nusu ya kazi imeshafanyika, maana ameshakuwa chini. Analivuta tu goti la kulia liingie ndani, glavu kati, kidevu kifuani. Lakini si kila upande. Mpira ukienda kushoto kwake, wayo wa kulia unamsukuma huko vizuri. Ukienda kulia, mguu wenyewe ndio kikwazo: hauwezi kusukuma kuelekea upande uliopo, na mpira hupenya chini ya paja au hugonga kinga ya mguu na kukimbilia uzioni. Mpira wa kulia kwake ndio wa nje kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na ndiko warushaji wengi wachanga hukosea wakiogopa kumgonga mtu. Kwa hiyo mazoezi ya mkao huu yaelemee kulia: kwa kila mipira mitatu, miwili iende huko.

*Juu na pembeni.* Dhaifu. Kuinuka ni vitendo viwili, na mtoto aliyekalia kisigino hupungia mpira mkono ukipita.

*Kurusha.* Ni bora kuliko unavyoonekana. Wayo wa kulia uko chini tayari, anausukuma, anasimama huku akigeuka, wa kushoto unatua kuelekea beisi. Kinachoharibu ni kukaa: akishaketi juu ya kisigino cha kushoto, kwanza ajinyanyue, ndipo arushe. Aache nafasi ya ngumi moja kati ya tako na kisigino.

*Mwili na uwanja.* Mapaja hupumzika, jambo kubwa kwa zamu ndefu za watoto ambazo warushaji, kwa kukosa shabaha, hugawa beisi za bure moja baada ya nyingine. Goti nalo hulipa. Kinga ya mguu ni lazima iwe na ukubwa wake: akipiga goti, kikombe cha goti kikae katikati ya pia ya goti, si juu wala chini, na vifungo vyote viwe upande wa nje wa mguu visije vikanasana. Kwenye murram, fagia kokoto kabla ya mechi na fukia shimo lililochimbwa na mdakaji wa timu nyingine.

Kama ana maumivu kwenye nundu ya mfupa chini ya pia ya goti, jambo linalowapata watoto wanaokua kwa kasi, mkao huu utamkandamiza palepale. Kuchuchumaa nako hukivuta kiungo hichohicho, kwa hiyo usidhani kubadili mkao ni tiba. Aonwe na daktari, na kwa muda acheze nafasi nyingine.

*Unamfaa* mtoto asiyeweza kuchuchumaa bado, au mwenye mrushaji anayekosea chini na katikati, au ligi ya wadogo inayobana wizi wa beisi.

Goti la kulia chini

Huu hufundishwa kwa nadra kwa wanaoanza, na naona ni sawa, ingawa una mahali pake.

*Mpira wa chini.* Goti la kushoto liko juu, mbele ya mkono wa glavu. Mpira wa chini wa kushoto unamkaba. Wa kulia unafikika kwa kukatisha glavu mbele ya mwili. *Unaodunda.* Kinyume cha mkao uliotangulia: anasukumwa vizuri kwenda kulia, vibaya kwenda kushoto. Kama mrushaji wako hudondosha mpira nje ya mpigaji wa mkono wa kulia kila mara, hii ni faida ya kweli. *Juu na pembeni.* Dhaifu vilevile. *Kurusha.* Wayo wa kulia lazima utolewe nyuma na kuletwa chini ya mwili kabla ya lolote, hatua nzima ya ziada. Mwenye mkono wa nguvu anaweza kurusha beisi ya kwanza bila kuinuka, kwani mguu wa kushoto uko mbele tayari, lakini mita 25.9 hadi beisi ya pili kutoka gotini ni nyingi kwa mtoto wa miaka 11, na bega ndilo litakalolipa. *Mwili na uwanja.* Masharti ya kinga na kokoto ni yaleyale.

*Unamfaa* mdakaji ambaye ameshamudu mkao mwingine na anataka huu kwa mrushaji fulani tu.

Kuna pia magoti mawili chini, ambayo utayaona kwa watoto wa miaka 7 au 8. Kwa mazoezi ya kupokea mipira ya tenisi ni mazuri, kwani yanaondoa miguu kwenye hesabu na mtoto anawaza glavu tu. Kwenye mechi hawezi kwenda popote.

Kabla ya kuchagua, hesabu mipira 30

Kipimo kinachopuuzwa zaidi kiko mita 12 mbele ya mdakaji. Chukua karatasi, simama nyuma ya wavu, mwache mrushaji wako arushe mipira 30 kama kwenye mechi, na weka alama: iliyodunda kabla ya sahani, iliyopita juu ya kichwa cha mdakaji aliyekaa, iliyoenda kulia kwake, iliyoenda kushoto, na iliyofika. Kama una warushaji wawili, fanya kwa wote wawili, maana matokeo hayafanani hata kidogo. Karatasi hiyo, pamoja na zile sekunde 30 za kuchuchumaa pekupeku, itakuongoza kuliko video yoyote.

Kwa hali yako

Iliyodunda ikizidi 10 kati ya 30 na mingi iko katikati au kushoto, anza na goti la kushoto. Ikiwa mingi inadunda kulia, mtoto anayechuchumaa vizuri abaki anachuchumaa. Asiyeweza aanze na goti la kushoto, mazoezi yaelemee kulia.

Iliyopita juu au mbali pembeni ikizidi 10, achuchumae, hata kama mapaja yatalalamika. Gawa zamu kati ya wadakaji wawili ili asichoke. Aliyechoka huanza kuinua nyonga juu mno, na mpira hupita chini yake.

Kama ligi yako ni ya chini ya miaka 10 na kanuni zinabana wizi wa beisi, kigezo cha kurusha kiondoe kwenye mizani kwa msimu huu. Soma pia kama mpigaji anaruhusiwa kukimbilia beisi ya kwanza straiki ya tatu isipodakwa. Kama anaruhusiwa, kuuzuia mpira kunapanda daraja.

Kama uwanja wako ni murram na timu ina seti moja ya kinga inayovaliwa na watoto watatu wa vimo tofauti, goti la kushoto litakuwa sahihi kwa mmoja wao tu, yule ambaye kikombe kinamkaa gotini. Wengine wawili wachuchumae hadi zipatikane zinazowatosha. Usizibe pengo kwa kitambaa kilichofungwa chini ya kinga: huteleza zamu ya pili, na mtoto anapiga goti juu ya ukingo wa plastiki.

Kama ana miaka 12 na zaidi, anachuchumaa vizuri, na mrushaji ameanza kupata shabaha, mfundishe mikao miwili: goti la kushoto kukiwa hakuna mkimbiaji na straiki hazijafika mbili, kuchuchumaa katika hali nyingine zote. Usimpe mkao wa pili kabla ule wa kwanza haujatulia mwilini kwa wiki 3 au 4. Mabadiliko yaanzie mazoezini kwa mipira ya tenisi, kisha mpira mgumu bila mpigaji, kisha mpigaji anayepunga gongo bila kugusa, ndipo mechi. Hatua hiyo ya mpigaji anayepunga isirukwe, kwa sababu gongo likipita mbele ya macho mtoto hufumba hata kama alishaacha, na hapo ndipo utajua mkao umemkaa au bado.